Yawaka, Si Yawaka?

Mpangaji alipatikana kabla hatujajua kama nyumba inapangishika. Shirika moja la misaada lilitaka orofa ya juu ya nyumba ya bibi, mtaa wa Majengo, Kismayu, liweke meza na kompyuta zake. Kodi waliyoitaja ilimnyamazisha ami, jambo ambalo hata pepo za kusi hazijaliweza. Bibi alikuwa ameshaigawa kichwani: mabati ya jikoni, deni la dukani, sadaka, na safari ya Kudha kuzuru makaburi ya wazee wake. Ndipo akaja afisa wao wa usalama, kijana mpole mwenye viatu vizito, akatoa fomu. Kabla ya mkataba, alisema, umeme wa nyumba ukaguliwe, upimwe kwa vyombo, na fundi mwenye ujuzi atie saini.

"Umeme wangu una nini?" bibi akauliza. Akainuka, akabonyeza swichi ya ukumbini. "Yawaka, si yawaka?"

Iliwaka. Kijana akatabasamu, akaiacha fomu juu ya mkeka, akaaga.

Hoja ya bibi si ya kuchekwa. Nyumba nyingi za pwani hii, kuanzia Kismayu hadi Kilwa, hazijui kipimo kingine. Na ubaya wa umeme ni huo: waya uliooza na waya mzima hutoa mwanga ule ule. Dau likioza hupitisha maji, ukaona, ukalipandisha ufukweni. Waya uliokwisha ganda huendelea kuwasha taa kwa uaminifu mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo hairudiwi kwa mazoezi.

Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti za mikoko. Ilijengwa baada ya Waingereza kuwakabidhi Waitalia Jubaland mwaka 1925, na babu aliinunua kwa mtu mwingine miaka mingi baadaye, kwa fedha za papa na kamba. Yeye na bibi ni watu wa Kudha, kisiwa ambako utotoni mwao usiku uliangazwa na kandili na mwezi. Bibi aliukuta umeme akiwa bi harusi, ndani ya nyumba hii, na tangu siku hiyo ameuhesabu kuwa sehemu ya mahari.

Ukutani mwa ukumbi bado zipo nyaya za enzi ile: mbili mbili, zimesokotwa pamoja, zimevikwa kitambaa, zinashikwa na vikombe vidogo vya kauri. Mgeni huziona pambo. Juu yake zikaja nyaya za serikali ya baada ya uhuru. Kisha 1991 vita vikaingia, ukoo wetu ukapanda mashua kuelekea Mombasa kama Wabajuni wengi wa Chula, Koyama na Kudha, na watu tusiowajua wakaishi humu, wakaongeza nyaya zao. Tuliporudi, umeme ulikuwa wa majenereta ya watu binafsi, na malipo yalikuwa kwa globu: kila globu na bei yake kwa mwezi. Mkusanyaji alipita jioni akihesabu taa kutoka barabarani. Ndiyo maana nyumba hii ina globu nyuma ya kabati, globu chini ya ngazi, globu ndani ya daka lenye pazia. Leo kuna mita, hakuna anayehesabu taa, ila nyaya za kumficha mkusanyaji zimo bado, na waliozificha walizificha vizuri hata wao hawakumbuki zinapita wapi.

Soketi nazo ni historia. Ukuta mmoja wa sebule una tundu mbili za mviringo, tundu tatu za Kiitalia zilizopangwa mstari, na tundu tatu bapa za Kikenya zilizofuatana nasi kutoka Mombasa. Pasi ya bibi huingia kwenye ya tatu tu. Redio huingia ya kwanza. Ya katikati haiingii kitu, na bado ina moto.

Shangazi yangu aliyeko Uingereza alipopata habari alituma ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Kwao, alisema, si jambo la hiari. Tangu mwaka 2020 mwenye nyumba wa kupangisha kule England analazimika kisheria kuikagua mifumo ya umeme angalau kila baada ya miaka mitano, na nakala ya ripoti apewe mpangaji. Yeye anayo, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Waingereza wana muda mwingi kwa kuwa hawaendi baharini.

Tulimwita mkwe wetu wa Kizingitini, mume wa binamu yangu, ambaye ana leseni ya ufundi umeme ya Kenya, daraja la C2, ile ya kazi za majumbani za fezi moja. Aliifungua pochi akaionyesha, halafu mwenyewe akacheka: "Hii ikivuka Kiunga ni picha yangu tu." Somalia ilipata sheria yake ya umeme mwaka 2023, lakini sheria kuandikwa Mogadishu ni kitu kimoja na mkaguzi kubisha hodi Majengo ni kitu kingine. Basi saini ya nani ingekuwa saini? Mkwe alikuwa na jibu moja tu, na alilirudia kila alipoulizwa: "Mimi nasaini nilichopima. Nisichokipima sikijui."

Ni msemaji sana huyu mkwe. Kabla hajafungua hata bisibisi alimweleza bibi kwamba umeme wa Afrika Mashariki ni mali ya watu wa pwani. Kwa mujibu wa historia ya shirika la umeme la Kenya, mwaka 1875 Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na jenereta ya kuwasha kasri lake na njia za jirani, na mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akaununua mtambo ule na kuuhamishia Mombasa.

"Na huyo sultani," bibi akasema, "nani alimtilia saini?"

Kazi ilianza kwa macho. Nilidhani ukaguzi ni vyombo vya kulia na namba, kumbe nusu ya maovu huonekana bila chombo chochote, ukikubali tu kutazama ulichozoea. Kwenye ubao wa fyuzi, kishikio cha kauri cha taa, ambacho hustahili uzi mwembamba wa ampia 5, kilikuwa kimefungwa nyuzi za shaba zilizosokotwa unene wa mshipi wa kuvulia changu. Fyuzi hiyo isingekatika hata nyumba ikiwaka moto. Ami alijitetea: ile nyembamba ilikuwa ikikatika kila mara. "Ilikuwa ikikwambia neno," mkwe akajibu, bila kumtazama.

Ami ni nahodha mstaafu na yeye ndiye fundi wa nyumba kwa miaka yote. Mafundo yake ni mazuri, nitakubali. Feni ya chumbani imening'inizwa kwa mshipi wa nailoni, na haijawahi kuyumba. Lakini mkwe alipofukua kiungo cha waya nyuma ya kabati la jikoni alisita, akanusa vidole vyake. Ndani ya ukuta, badala ya kisanduku, kulikuwa na pamba iliyolowa sifa, mafuta ya samaki. Ami alikuwa amekitia kiungo kalafati, kama mwanya wa mbao za mashua, ili maji yasiingie.

"Maji hayakuingia," ami akasema.

"Hayakuingia," mkwe akakiri. "Ila hii ni tambi ya taa, ami. Umeweka tambi na mafuta, umebakiza kiberiti." Waya wenyewe pale ulikuwa mtupu kwa urefu wa kidole, na mtu aliyeingiza mkono kutafuta chumvi angeugusa.

Fomu ya lile shirika ilifuata mtindo wa Kiingereza, kila kasoro na alama yake. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi. C2 inaweza kuwa hatari. C3 yafaa kuboreshwa. Mkwe aliandika akiwa amesimama, na bibi alikuwa begani mwake akisoma tarakimu, maana herufi ndogo hazioni. Orofa ya juu, ambayo wageni waliokaa humo baada ya 2012 waliitia nyaya mpya za plastiki, ilipata C3 kwa kukosa maandishi kwenye breka. Jikoni kwa bibi, palipo na ile kalafati, pakapata C1.

Jioni ile majirani wote walikuwa na habari. Juu, kwa wapangaji, wametoka wa tatu. Jiko la bibi ni namba wani.

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Nilimwachia mkwe, na mkwe akaniachia mimi.

Siku ya vipimo ndiyo iliyoleta vita, kwa kuwa ilimaanisha kuzima. Kipimo cha ganda la waya hufanywa umeme ukiwa umekatwa na kila chombo kimechomolewa: mashine ambayo mafundi huiita Megger hutuma volti 500 za mkondo mnyoofu ndani ya waya uliolala, kisha husoma ni kiasi gani kinapenya kwenda kusikotakiwa. Kikipenya kidogo sana, ukinzani ni mkubwa, na ganda ni zima. Kiwango cha chini kinachokubaliwa ni megaomu 1. Juu tulisoma zaidi ya 200. Chini, kwenye zile nyaya za kitambaa ambazo mpira wake wa ndani ulishakauka na kumwagika kama makombo, tulisoma 0.04. Ilikuwa msimu wa kusi, kuta zimejaa unyevu, na chokaa iliyochanganywa na mchanga wa bahari haiachi kunyonya maji hewani, kwa kuwa chumvi imo ndani yake milele. Mkwe alituonyesha ile namba mmoja mmoja. Bibi alitaka kujua kama 0.04 ni C ngapi.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa vya friji.

Friji ya bibi ni duka. Huuza barafu kwa wavuvi, na watu wa Kudha wakipandisha mashua huja kwanza kwake. Ni friji ya kutekenya, na nyumba nzima huijua tabia yake. Huigusi na mkono mbichi. Huifungui bila ndara. Mlango hushikwa kwa ncha ya kanga. Watoto hufundishwa hayo kabla ya kufundishwa kunawa, na mgeni akipiga kelele husemwa kwamba hajazoea. Bibi aliamini kuwa ni ukali wa baridi.

Mkwe alifuata waya wa ardhi wa soketi yake. Ulikwenda vizuri, wa kijani, hadi dirishani, ukafungwa kwenye nondo ya dirisha. Nondo imejengewa ndani ya chokaa. Ndiyo ilikuwa ardhi yetu.

Kutafuta ardhi ya kweli kulituchukua muda kuliko yote. Rodi ya shaba ikipigwa uani iligonga jiwe la matumbawe na kurudi. Ami akaleta nanga kuukuu ya mashua, akasema kama imeshika mashua kwenye mkondo wa Koyama itashika na umeme. Mkwe aliikataa kwa adabu, chuma huliwa na kutu, kisha akaenda akapiga rodi pale maji ya kuogea yanapotokea, ambapo ardhi hailali kavu. Moja ilitupa omu 410. Kadhaa zilizounganishwa, 68. Kwa breka ya uvujaji ya miliampia 30, aliyotaka kuifunga, hesabu inaruhusu zaidi ya omu elfu moja, lakini yeye hataki kupita 200, maana kaskazi ikija udongo ukikauka namba hupanda. Pia alitaka kujua kama jenereta za mtaani zimeungwa na ardhi upande wao, kwa kuwa zisipoungwa, breka hiyo inaweza kukaa ukutani bila kazi. Aliowauliza walimwambia ndiyo, ndiyo. Hakuandika ndiyo. Alipima mwenyewe kati ya waya wa moto na zile rodi, akasoma volti 218, ndipo akaandika.

Breka ikafungwa. Jikoni pakapitishwa waya mpya juu ya ukuta, ndani ya mfereji wa plastiki ambao bibi aliuita mjusi. Umeme ukarudishwa, taa zikawaka, feni ikazunguka, sote tukashangilia. Bibi akachomeka friji. Tak. Giza.

Akachomoa, mkwe akawasha. Akachomeka. Tak.

"Kabla hujaja," bibi akasema gizani, kwa sauti ya chini inayotisha kuliko kelele, "umeme wangu haukuwa na kiburi."

Mkwe aliipima friji peke yake. Kati ya waya na bati lake palikuwa na kiloomu 8 tu. Ukizigawia volti 218 unapata kama miliampia 27 zikivuja kwenda kwenye bati, na breka ya miliampia 30 ina ruhusa ya kukatika kuanzia nusu yake. Akatueleza kwamba miliampia 10 hivi zatosha mkono kushindwa kuachia ulichokishika, na kwamba kilichotulinda miaka yote ni ndara za mpira. Bibi akazitazama ndara zake kwa heshima mpya. Hata hivyo hakuiacha friji.

Na wageni wa Kudha wakafika usiku huo huo. Mashua yao ilileta kamba wakubwa wa miambani waliokusudiwa kuuzwa asubuhi kwa bei ya mjini. Barafu hakuna. Majirani nao barafu imekwisha. Tulipika kamba wa nazi kwa sufuria mbili, tukala mali ya watu, wenye mali wakiwa wameketi nasi mkekani wakitafuna kwa huzuni. Sijala kitu kitamu kama kile, na sijui kama naruhusiwa kusema hivyo.

Asubuhi mkwe alikuwa tayari kuandika ripoti. Alizima swichi kuu kwa ukaguzi wa mwisho, nyumba ikanyamaza, akatoa kalamu. Akainua kichwa.

"Ni nini kinanguruma?"

Hatukujibu. Nyumba imezimwa, na friji ilikuwa ikinguruma kwa raha zake. Akaufuata waya: nyuma ya friji, chini ya mkeka, juu ya daka, kupitia dirishani, kwa jirani. Kiungo cha njiani kilikuwa na fundo zuri sana la baharini. Ami ghafla akakumbuka ana shughuli bandarini.

Mkwe alirudisha kalamu mfukoni. Hakugomba. Alisema hawezi kutia saini nyumba yenye umeme wa nyumba nyingine. Bibi akasema friji si nyumba. Mkwe akasema waya ni nyumba. Afisa wa shirika, ambaye bahati mbaya aliwahi, alisimama mlangoni na viatu vyake mkononi, akiwa hajui amwamkie nani kwanza.

Aliyetuokoa ni mmoja wa wale wa Kudha, kijana aliyekula hasara yake usiku. Aliivuta friji kutoka ukutani, kitu ambacho hatukuwahi kufanya kwa kuiogopa. Nyuma, chini, karibu na kompresa, kifuniko kidogo kilikuwa kimeliwa na chumvi, na ndani ya kile kisanduku cha viunganisho mende walikuwa wamehamia na ukoo wao, juu ya ukoga wa kijani. Mkwe akaukata ule waya wa jirani, akasafisha, akakausha, akabadilisha relei iliyoungua kwa nyingine iliyotafutwa sokoni. Akapima tena: megaomu 6. Bibi akachomeka. Breka ikakaa kimya. Akaigusa friji kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja, kisha akavua ndara moja.

"Imekufa," akasema. "Hainijibu."

Ripoti iliandikwa mchana ule. Orofa ya juu, ikiwa na ubao wake na njia yake kutoka kwenye mita: inaridhisha. Chini, isipokuwa jiko lenye waya mpya: hairidhishi, nyaya kuukuu zimekatwa na zisiwashwe mpaka zibadilishwe. Mkwe aliandika usomaji wa kila njia, tarehe, namba ya mashine yake, jina lake, na mstari mmoja kwamba leseni yake ni ya Kenya. Nilidhani mstari huo utatuponza. Afisa aliusoma, akarudi kwenye zile namba, akazifuata kwa kidole moja moja hadi chini, akasema hii ndiyo ripoti ya kwanza aliyopewa mjini yenye sehemu inayosema hapana. Akauchukua mkataba akauweka juu ya meza.

Kodi ya mwanzo ilikwenda kwenye nyaya za chini, si kwenye mabati. Ami ndiye aliyetoboa kuta na kuondoa kalafati yake yote, chini ya usimamizi, na mafundo ya feni aliruhusiwa kuyaacha. Vikombe vya kauri vimebaki ukutani bila waya. Hilo bibi alilishinda.

Wale vijana wa Kudha walipokuwa wakiondoka walimwomba mkwe afuatane nao. Msikiti wa kisiwani una sola, betri zake zinapata moto na mtu aliwaambia volti 12 hazina madhara. Mkwe akasema volti 12 hazimshiki mtu mkono, ni kweli, ila betri iliyofungwa bila fyuzi ikigusana nyaya inaweza kusukuma mamia ya ampia, na hizo huyeyusha waya na kuchoma paa. Akaifunga Megger yake ndani ya mfuko wa plastiki, akazungushia kitambaa, akaiweka juu ya mapaja mashuani.

Wakati huo bibi alikuwa ameshaambiwa maana ya alama zake. Shangazi wa Uingereza alimweleza kwa ujumbe wa sauti, na hakupunguza kitu. Aliteremka mpaka ukingo wa maji, kanga mkononi, akamwita mkwe karibu kama mwenye wasia.

"Ukifika Kudha wasalimie wote," akasema. "Na wakikuuliza jiko langu lilipata ngapi, waambie umesahau."